Golf GTI: Afya ya injini kwanza, kasi baadaye

Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha tano, iliyozinduliwa mwaka 2004, ina injini ya turbo ya lita 2.0 yenye nguvu farasi 200. Wengi wanaoinunua ikiwa imetumika hukimbilia kubadili programu ya kompyuta ya injini, kwani huongeza nguvu nyingi kwa gharama ndogo.

Usiharakishe. Kwanza kagua kikombe cha chuma kilicho kati ya kemshafti na pampu ya petroli ya mgandamizo mkubwa. Kikilika hadi kutoboka, huharibu vyote viwili. Weka plagi mpya. Pili, matairi na breki. Ndipo ubadili programu, kulingana na okteni ya petroli unayoipata.

Anayeruka hatua hizo ili aokoe fedha huenda akaishia kununua injini nyingine.