Kabla ya kulipia pikapu iliyotumika, lala chini uitazame chesisi

Mwaka 2017, msimu wa machungwa ukiwa umepamba moto, mimi na shemeji yangu tulichanga fedha tukanunua pikapu iliyotumika hapa Tanga mjini. Ilikuwa inang'aa. Rangi mpya, tairi zimepakwa dawa, redio inaimba, injini inawaka mara moja. Tuliizunguka mara mbili, tukapiga tairi teke kama tulivyowaona wengine wakifanya, tukalipa. Wiki ya tano, tukiwa tunateremka kutoka upande wa Amani kuelekea Muheza na machungwa kama elfu tano mgongoni, tulisikia mlio kama wa tawi linalovunjika, na bodi ya nyuma ikakaa upande. Chesisi ilikuwa imekatika juu ya ekseli.

Machungwa yale yalilala njiani siku mbili. Mnunuzi aliyekuwa akipakia lori lake kwenda Kenya hakutusubiri, na mzigo tukaja kuuza kwa bei ya kutupa. Pikapu ilipovutwa hadi gereji moja ya Chumbageni, fundi mmoja mzee aliingia chini na bisibisi, akaisukuma kwenye chuma, ikazama kama inaingia kwenye muhogo uliooza.

"Mwanangu," alisema alipotoka, "wewe umeuziwa rangi."

Chini ya ile rangi nyeusi kulikuwa na puti, vipande vya bati vilivyochomelewa, na kutu. Baadaye tukaambiwa kwamba gari lile kwa miaka mingi lilikuwa likibeba samaki wa barafu.

Ndugu msomaji, fani yangu ni uchumi wa kilimo, si umakanika. Lakini mkulima au mfanyabiashara mdogo anaponunua gari, mara nyingi anatoa fedha ya misimu mitatu au minne kwa siku moja, na sisi wa pwani tuna adui ambaye mwenzetu wa Dodoma hamjui sana. Adui huyo ni chumvi. Chuma kikilowa maji ya kawaida hupata kutu polepole. Maji yakiwa na chumvi, kutu hukimbia, kwa sababu chumvi hurahisisha ile kazi ya kikemia inayokula chuma, na pia huvuta unyevu kutoka hewani, hivyo chuma hakikauki sawasawa hata siku za jua. Sasa fikiria gari linalobeba samaki. Barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanachuruzika kupitia matundu ya bodi, yanaingia ndani ya chesisi ambayo ni kama bomba la pembe nne, na humo yanakaa pamoja na tope. Kutu huanzia ndani kwenda nje. Ukiiona kwa nje, kazi imekwisha. Gari lililobeba chumvi ya mashambani au mchanga wa baharini lina habari hiyo hiyo.

Msidhani haya ni ya magari mabovu ya huku kwetu tu. Marekani humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na mwaka 2016 kampuni ya Toyota ilikubali kumaliza kesi ya madai iliyohusu magari takriban milioni 1.5 yaliyouzwa nchini humo, mengi yakiwa pikapu, ambayo chesisi zake zililiwa na kutu. Thamani ya makubaliano hayo ilikadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Hata wale matajiri wa Marekani wanaonunua magari ya michezo ya zamani, kama Chevrolet Corvette, huinama chini kwanza. Bodi ya Corvette ni ya faiba, haipati kutu kabisa, kwa hiyo gari linaweza kuonekana zuri juu wakati chuma kilicho chini kimekwisha. Na Japani, yanakotoka mengi ya magari yetu, mikoa ya kaskazini ina theluji na humwaga chumvi barabarani vilevile. Kwa hiyo "limetoka Japani juzi" si cheti cha uzima.

Basi ukaguzi uanzie chini. Nenda asubuhi, na nguo usiyoionea huruma, tochi, nyundo ndogo na bisibisi. Gari liwekwe mahali tambarare, na kama litainuliwa lisishikiliwe na jeki peke yake. Gonga chesisi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti ya kufa, kama unagonga ubao uliolowa. Tumia muda zaidi pale chesisi inapopinda juu ya ekseli ya nyuma, panapofungwa springi, karibu na tangi la mafuta, na kwenye vikanyagio vinavyobeba kebini. Angalia pia vibomba vya breki, maana vyenyewe ni vyembamba na vikitoboka huna breki. Ukikuta rangi nyeusi mpya imepakwa chini peke yake, jiulize kwa nini mtu apendezeshe mahali pasipoonekana. Oili chafu ni suala jingine: mafundi wengi huipaka kama kinga, na wakati mwingine inasaidia, ila inaficha pia. Ikwangue. Muuzaji akikataa usikwangue, mshukuru, uondoke.

Panda bodini uinue mpira au bati lililotandikwa. Pembeni mwa bodi ndipo historia ya gari ilipo: magamba ya samaki, chembe za chumvi, vumbi la chokaa. Muulize muuzaji lilikuwa likibeba nini, kisha muulize dereva swali hilo hilo mwenyewe akiwa hayupo.

Injini inaelezwa sana na watu wengine, nami sitarefusha. Sisitiza ulikute limelala, bonneti likiwa baridi, maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha shida ya kuwaka. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maana maji yameingia. Moshi wa bluu usiokoma ni oili inayoungua. Lakini injini inaweza kubadilishwa. Chesisi ikioza, huna gari.

Kuhusu fundi, hapa ndipo wengi tunapoibiwa bila kujua. Fundi anayekusindikiza akiahidiwa "cha juu" na dalali gari likiuzwa, faida yake ni wewe ununue. Mlipe posho ya siku inayoeleweka, uilipe hata akisema usinunue, na asiwe fundi aliyeletwa na muuzaji.

Tufanye hesabu ya mfano. Pikapu ya kwanza inauzwa Sh 11,000,000 na chesisi yake ina kutu. Ya pili Sh 14,000,000, rangi imechakaa, chesisi nzima. Ya kwanza ikivunjika, tuchukulie kuchomelea na kuvuta ni Sh 2,500,000, na wiki tatu za msimu zimepotea. Kama ungekwenda safari 4 kwa wiki, kila safari ikikuachia Sh 120,000, hizo ni safari 12, yaani Sh 1,440,000. Jumla umeshatumia Sh 14,940,000. Baada ya miaka mitatu unaiuza Sh 6,000,000 kwa sababu kila mtu anaona viraka, na ile ya pili unaiuza Sh 10,000,000. Gari la "bei nafuu" limekugharimu Sh 2,980,000 kwa mwaka. Lile la bei kubwa Sh 1,330,000 hivi. Matengenezo ya kawaida sijayaweka, kwani yote mawili yatayahitaji.

Makaratasi nayo yanaanzia chini. Katika pikapu nyingi namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia karibu na tairi la mbele. Isome kwa macho yako, uilinganishe na kadi. Kama imeliwa na kutu au sehemu hiyo imechomelewa upya, utakuwa na maelezo marefu ya kutoa polisi. Usidanganywe na kibao cha namba pia. Namba D au E inaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania, haionyeshi lini lilitengenezwa. Mwaka wa kutengenezwa umo kwenye kadi. Dai kadi halisi, si nakala, kwa kuwa wakopeshaji wengi hushikilia kadi hadi deni liishe. Angalia faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, na uhalali wa bima kwenye mfumo wa TIRA. Mwisho mwende pamoja TRA mkiwa na TIN zenu, umiliki uhamishwe, na sehemu ya fedha ibaki mkononi mwako hadi hapo.

Kosa langu kubwa la 2017 lakini lilitangulia hayo yote. Tulitafuta gari machungwa yakiwa tayari yameiva. Mwenye mzigo unaooza hana muda wa kulala chini ya gari, na muuzaji humjua mtu huyo tangu anapoingia getini. Anza kutafuta miezi miwili kabla ya mavuno, wakati unaweza kukataa magari matano na bado ukarudi nyumbani ukalala.