SARAFU ZA KIRUMI: HERUFI MOJA TU INABADILISHA BIDHAA

Mnajua duka langu ni la vitu vya zamani, yaani noti, stempu na sarafu. Wengi wameniuliza inboksi: "Boss, unajuaje hii sarafu ya Kirumi ni ya nani na ya mwaka gani, wakati imeliwa na kutu?" Mimi niliishia form four, chuo sijakanyaga. Haya nimeyajua kwa kushika mzigo na kulinganisha. Hata kama unauza viatu, soma mpaka mwisho.

Tuchukue sarafu moja inayopatikana kwa wingi: ya shaba, ndogo, nyuma ina wanajeshi wawili na maneno GLORIA EXERCITVS, maana yake utukufu wa jeshi. (Warumi waliandika V mahali pa U.) Watu wanaona sarafu moja, kumbe ndani yake zimo aina kibao.

1. Anza na jina
Upande wa kichwa soma maandishi ya pembeni. CONSTANTINVS MAX AVG ni baba, mfalme mwenyewe, yule aliyefariki mwaka 337. CONSTANTINVS IVN NOB C ni mtoto wake. IVN ni "mdogo", na NOB C ni cheo cha mrithi. Halafu kuna CONSTANTIVS, bila ile N ya katikati. Huyo ni mtoto mwingine kabisa! Ukisoma haraka haraka umeshauza mtu mwingine.

2. Hesabu bendera
Katikati ya wale wanajeshi kuna bendera za jeshi. Zikiwa mbili, sarafu ni ya mwaka 330 hadi 335. Ikiwa moja, ni ya kuanzia 335. Sababu ni kwamba serikali ilipunguza uzito wa sarafu, ikabadilisha na picha. Ya bendera mbili inacheza karibu gramu 2.5, ya bendera moja inashuka hadi karibu 1.5. Kwa hiyo nunua mizani ndogo kama ya sonara. Picha na uzito vikigombana, simama kwanza, chunguza.

3. Soma herufi za chini
Chini ya miguu ya wanajeshi kuna herufi za mji ilikotengenezwa. TR ni Trier, Ujerumani ya leo. SMAN ni Antiokia. SIS ni Siscia. Mara nyingi kuna herufi ya ziada inayoonyesha karakana: P ni ya kwanza, S ni ya pili. Kwa hiyo TRS ni Trier, karakana ya pili.

Mtego uko hapa: CONS ni Constantinople, lakini CONST ni Arles, kule Ufaransa, maana mji ule nao ulipewa jina la mfalme. Herufi T moja tu imekuhamisha nchi.

4. Linganisha kabla ya kuandika
Wakusanyaji wanatumia vitabu vya The Roman Imperial Coinage. Juzuu la 7 ndilo la miaka 313 hadi 337. Kama huna kitabu, kuna OCRE, iko mtandaoni na ni bure. Unatafuta kwa jina, mji na maandishi.

Sasa ona tofauti ya tangazo. Mmoja anaandika: "Sarafu kali ya Kirumi, ya kale sana, wahi!" Mwingine anaandika: "Constantinus mtoto, GLORIA EXERCITVS, bendera mbili, TRS (Trier), 330–335, shaba, gramu 2.4, milimita 17." Anayejua anachotafuta atamfuata nani?

Kuna mtu aliwahi kuniletea sarafu ya mtoto nimuuzie, akataka niandike ya baba kwa sababu jina la baba linavuta wateja. Nikamwambia hapana, chukua mzigo wako kaka. Mkusanyaji anaijua IVN kuliko mimi. Akikushika kwenye moja, hizo nyingine zote dukani hazinunui tena, na wenzake anawaambia.

Tahadhari tatu:
- Usisugue sarafu ing'ae. Ule utandu wa kale ndio wanaoulipia. Ila ukiona unga wa kijani kibichi unaopukutika, itenge na nyingine, hiyo inajila.
- Mshono ukingoni, vitundu vya mapovu, au sarafu mbili zinazofanana hadi mikwaruzo: hizo ni dalili za feki ya kumimina kwenye kalibu.
- Uliza ilikotoka. Italia, kwa mfano, vitu vya kale vinavyochimbuliwa ni mali ya serikali. Bila karatasi ya kueleweka, acha ipite.

Wewe wa viatu, simu au vitenge, hata kwako kuna "herufi N" yako: namba ya modeli, aina ya uzi, mwaka wa toleo. Ijue, ipige picha karibu na mwanga wa pembeni, iandike kwenye tangazo. Na usichoweza kukisoma, andika "haisomeki". Mteja anaheshimu hilo.

Niandikieni kwenye maoni: kwenye bidhaa yako, ni alama gani ndogo inayobadilisha bei?