Ukinunua nakala ya picha, tazama macho kwanza

Huenda umewahi kuingia katika ukumbi wa hoteli au sebule ya rafiki, ukaona ukutani picha ya Wazungu wa kale waliovaa mawigi na makoti marefu, wamesimama jukwaani kana kwamba wanagombana. Ukadhani ni pambo tu, ukapita zako. Lakini baadhi ya picha hizo zilichorwa ili kuwacheka wakubwa, na kicheko chenyewe kimefichwa mahali padogo sana.

Wako wachoraji wanaojipatia riziki kwa kuzinakili picha za kale kwa mkono, kwa brashi na rangi ya mafuta. Huko China, kijiji cha Dafen katika jiji la Shenzhen kimejijengea jina kwa kazi hiyo. Je, nakala kama hiyo ina thamani yoyote, ama ni uongo uliotiwa fremu? Hebu tuchukue picha moja tuone.

Jambazi kati ya wanawake wawili

Mnamo Januari 29, 1728, jijini London, tamthilia ya nyimbo ya John Gay iitwayo The Beggar's Opera ilichezwa kwa mara ya kwanza. Iliwavutia watu hata ikarudiwa mara 62 katika msimu huo mmoja. Wahusika wake ni wezi, makahaba na walinzi wa jela, lakini watazamaji walitambua upesi ni nani hasa anayechekwa. Peachum, anayenunua mali ya wizi kisha akawasaliti wezi wenyewe ili alipwe, alifananishwa na Robert Walpole, kiongozi wa serikali. Basi Gay alipoandika tamthilia ya pili, Polly, ilipigwa marufuku kabla mwaka huo haujaisha. Mnamo 1737 ikapitishwa sheria ya kukagua tamthilia kabla ya kuchezwa, na ukaguzi huo haukuondolewa Uingereza hadi 1968.

Mchoraji William Hogarth aliichora tamthilia hiyo. Katikati amesimama jambazi Macheath, kavaa koti jekundu, miguu imefungwa pingu. Upande mmoja Lucy anampigia magoti babake, mlinzi wa jela. Upande wa pili Polly, aliyevaa nguo nyeupe, anamsihi babake, Peachum. Pembeni, juu ya jukwaa lilo hilo, wameketi mabwana na mabibi wa tabaka la juu wakitazama, kama ilivyokuwa desturi ya siku hizo.

Sasa tazama macho ya Polly. Ingawa anamsihi babake, anamwangalia bwana mmoja aliyeketi nyuma yake. Bwana huyo ni Mtawala wa Bolton, aliyekuwa na mke wake. Mwigizaji, Lavinia Fenton, aliliacha jukwaa mwaka huo huo wa 1728 akaenda kuishi naye, na walioana mnamo 1751. Naam! Mwizi yuko kwenye pingu, na mkubwa yuko kitini, lakini Hogarth anakuuliza: tofauti yao ni ipi?

Mwenyewe alijinakili

Picha hiyo ilipendwa, na Hogarth mwenyewe akaichora upya kwa mkono mara kadhaa kwa ajili ya wateja mbalimbali, akiirekebisha kila mara. Mojawapo, ya 1731, iko katika jumba la Tate, London. Kwa hivyo hata mchoraji wa asili hakuona aibu kurudia picha yake.

Alichochukia ni wizi. Michoro yake mingine ilipochapishwa na watu wasiompa hata senti, yeye na wenzake walipigania sheria, nayo ikapitishwa mnamo 1735, ikiwalinda wachoraji wa michoro ya kuchapwa kwa miaka 14. Siku hizi, kwa sheria ya Kenya, haki ya mchoraji hudumu miaka 50 baada ya kufa kwake. Hogarth alifariki mnamo 1764, kwa hivyo anayemnakili leo hamwibii mtu. Lakini akiiuza nakala kama picha ya asili, huyo ni mwizi.

Usidanganyike

Iwapo unataka kununua, usione haya kuuliza na kupapasa. Itazame picha kutoka ubavuni: rangi iliyopakwa kwa brashi huwa na mabonde na miinuko. Ikague kwa kioo cha kukuzia: picha ya kupigwa chapa mara nyingi huonyesha vitone vidogo vilivyojipanga. Jihadhari pia, kwa maana wako wanaopaka gundi au rangi chache juu ya karatasi ya chapa ili ionekane imechorwa. Muulize muuzaji aliyeinakili ni nani, nawe uandikiwe kwenye risiti kwamba ni nakala.

Mwisho, rudi kwenye macho. Anayenakili rangi peke yake atakuchorea Polly anayetazama sakafu, na kicheko chote kitakuwa kimekufa. Anayeielewa picha hatakosea mtazamo huo, hata kama koti jekundu limepauka kidogo. Huyo mlipe jasho lake, uitundike kazi yake pale watoto wanapoiona, uwasimulie kisa cha mwizi na mkubwa. Rahisi huvunja upishi, na picha isiyochekesha tena ni ubao tu wa kuzibia ukuta.