Daftari la kanisa likihamia katika simu ya karani

Tangu Waadventista wafungue misheni ya Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906, makanisa ya sehemu ambazo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori yamekuwa yakitunza habari za waumini katika madaftari yaliyofungiwa kabatini. Siku hizi habari hizo zimo katika simu ya karani wa kanisa, simu iyo hiyo ambayo watoto wake huchezea jioni.

Zimo barua za uhamisho, migogoro ya ndoa, zaka zilizotumwa kwa M-Pesa na orodha ya wagonjwa wa kuombewa. Hii ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2018 ulionyesha kuwa asilimia 19.6 ya watu wazima Homa Bay, na asilimia 13 Migori, waliishi na virusi vya Ukimwi, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 4.9. Wako wanaomfichulia mchungaji hali yao kabla ya kumwambia mume au mke. Jina kama hilo likivuja, nyumba huweza kuvunjika.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inahesabu afya, imani na hali ya ndoa kuwa habari nyeti. Inaliruhusu kanisa kutunza habari hizo za waumini wake, lakini si kuzitoa nje bila idhini ya mhusika.

Hapo ndipo simu ya mtu binafsi inapoponza. Picha ya orodha ikitumwa katika kundi la WhatsApp, huweza kubaki katika simu za wanakundi hata mtumaji akiifuta kwake. Simu nyingi nazo hupeleka nakala mtandaoni bila mwenyewe kukumbuka. Kioo kikipasuka, fundi wa Rongo au Oyugis huomba namba ya siri ili aijaribu simu, na hana kosa kuiomba.

Basi ni heri kanisa linunue simu yake, hata ya bei nafuu, isiyotoka ofisini. Orodha ya maombi itaje jina bila ugonjwa, tena kwa ridhaa ya mgonjwa. Simu ikiibwa na ikawa kuna hatari ya kweli ya muumini kudhurika, Kamishna wa Data hana budi kuarifiwa katika muda wa saa 72, na muumini mwenyewe aelezwe. Ofisi hiyo haina mzaha: mnamo Septemba 2023 iliitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Linalosahaulika zaidi ni karani anayemaliza zamu. Hukabidhi mhuri na funguo mbele ya wazee wa kanisa, kisha huenda nyumbani na majina yote mfukoni. Siku hiyo hiyo ya makabidhiano, mbele ya wazee hao hao, ayafute katika simu yake na katika nakala za mtandaoni.