Mitaro Kabla ya Mvua: Kazi ya Mji Katika Kitale na Bungoma

Mji wa Kitale, ulioketi baina ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, mahali penye kimo cha mita 1,900 hivi juu ya bahari, una majira mawili tu yanayomhusu mfagiaji wa barabara na mchimba mtaro: majira ya mvua, ambayo aghalabu huanza mwishoni mwa Machi na kuendelea hadi Oktoba, na majira ya ukavu, tangu Disemba mpaka Februari, ambapo vumbi hutanda na malori ya mahindi hupanga foleni penye maghala. Bungoma, iliyo chini zaidi upande wa kusini-magharibi, ina majira hayo hayo kwa tofauti ndogo. Rai yangu ni kwamba kazi yote ya kutunza barabara na kusafisha mitaa katika miji hii miwili sharti iandamane na majira hayo, wala isiandamane na kalenda ya hazina. Na maadamu jambo hili halijatimizwa, fedha za umma zitaendelea kufukiwa barabarani na maji yataendelea kuzifukua.

Adui mkubwa wa lami ni maji. Lami yenyewe ni kifuniko chembamba, na nguvu zake zote hutoka katika tabaka za kokoto na changarawe zilizoshindiliwa chini yake. Maji yakikosa njia ya kwendea hutuama ukingoni, yakapenya katika ufa mdogo usioonekana, yakalainisha tabaka zile, na kila lori la mahindi au trekta la miwa likipita juu yake huyakamua maji yakatoka pamoja na chembe za changarawe, mpaka lami ikawa haina egemeo, ikabomoka, na shimo likazaliwa. Barabara za changarawe za mitaani huharibika upesi zaidi, kwani hizo maji huzichimba mifereji waziwazi. Kwa hiyo mtu azibaye shimo ilhali mtaro wa ubavuni umejaa tope amefanya kazi ya msimu mmoja, na mwaka ujao atalipwa tena kuja kuliziba shimo lile lile.

Ni kitu gani basi kinachoijaza mitaro? Kwanza ni udongo, unaoteremka na mvua kutoka mitaa isiyotiwa lami na kutoka viwanja vinavyojengwa, ambako mchanga hurundikwa kando ya njia bila kizuizi. Pili ni taka za soko: majani ya kabichi, maganda ya ndizi, magunzi ya mahindi ya kuchoma, na makapi ya miwa, ambayo Bungoma, mji uliozungukwa na mashamba ya miwa, huyajua vizuri. Tatu ni plastiki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na faida yake imeonekana dhahiri, lakini chupa hazikupigwa marufuku, na chupa tatu zilizoshikana na kitambaa cha mtumba katika mdomo wa kalavati hutosha kuifanya njia nzima kuwa kidimbwi. Nne ni vibao na zege ambavyo wenye maduka huviweka juu ya mtaro wapate kivuko cha wateja, wasiache nafasi ya mtu kuingiza sepetu.

Sioni insafu kumtupia mama mboga lawama yote. Yeye huuza mahali ambapo pipa la taka halipo, na lori la taka lisipopita kwa siku kadhaa, hana pengine pa kuziweka ila mtaroni. Tena taka zake, kwa sehemu kubwa, ni mali. Trans Nzoia, ambamo Kitale imo, ni kaunti ya wakulima, inayolisha taifa kwa mahindi na kununua mbolea kwa bei ya kuumiza, na huku taka za mimea zinazoweza kuozeshwa zikawa samadi zinachanganywa na chupa na vigae, zikatupwa jaani. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 yataka taka zitengwe huko huko zinakotoka, zinazooza mbali na zisizooza. Na kama kuna miji nchini ambamo sheria hiyo ingeleta tija mara moja, ni hii iliyozungukwa na mashamba.

Wapo wanaoibeba kazi hii kwa mikono yao, nao wastahiki kutajwa kwa heshima. Wafagiaji hutoka alfajiri, kabla ya matatu na bodaboda kuzijaza njia, wakafagia vumbi ambalo jioni litakuwa limerudi. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, serikali ya taifa ilianzisha mpango wa Kazi Mtaani, na katika awamu yake ya pili vijana wa kaunti zote 47 walilipwa shilingi 455 kwa siku kufyeka nyasi, kuzoa taka na kufukua mitaro. Mpango huo ulionyesha kwamba nguvu kazi ipo tele mitaani. Lakini kuna kosa moja la ufukuzi ambalo huonekana kila mahali: tope lililotolewa huachwa juu ya ukingo wa mtaro ule ule, likakauka hapo, na mvua ya kwanza ikalirejesha lilikotoka. Tope hilo halina budi kuondolewa siku ile ile kwa lori au mkokoteni, la sivyo ujira wa siku nzima umepotea.

Sasa tuje kwenye kalenda. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, ilizikabidhi kaunti barabara za kaunti, taa za mitaani, uzoaji wa taka na mifumo ya maji ya mvua mijini; mabaraza ya zamani ya manispaa yakakoma mwaka 2013, na chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 Kitale na Bungoma zikapata bodi za manispaa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, katikati ya mvua. Fedha zikikawia kutoka Nairobi, kama ilivyokuwa mara nyingi, zabuni nazo hukawia, miezi mikavu hupita mikono mitupu, na kazi huanza Aprili au Mei, greda likisukuma matope, kwa kuwa kila mtu ahofia tarehe 30 Juni itafika fedha hazijatumika. Hapa ndipo penye taksiri. Zabuni za mitaro zingekamilishwa kabla ya Novemba kwisha, kazi ingeanza baada ya mavuno, na vijana ambao mashamba hayawahitaji wakati huo wangepata riziki.

Mwananchi naye asidhani kwamba anaomba fadhila. Ushuru wa kutunza barabara unaotozwa katika mafuta ulipandishwa Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, hivyo mwendesha bodaboda wa Kanduyi, Bungoma, anayetia lita mbili ametoa shilingi 50 kabla hajapakia abiria. Wala madhara ya mitaro isiyotunzwa hayaishii mjini: maji ya Kitale huteremka hadi mto Nzoia, unaopita Webuye na kwenda kumwaga katika Ziwa Viktoria huko Budalang'i, ambako watu wamezoea gharika.

Rwanda hutenga Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi kwa umuganda, yaani kazi ya pamoja ya wananchi, na Tanzania, tangu Rais Magufuli alipoamuru sikukuu ya Uhuru ya tarehe 9 Disemba 2015 iadhimishwe kwa kufanya usafi, imejaribu desturi kama hiyo. Ni jambo jema, na Mtume alifundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni sadaka. Lakini ufagio wa mkazi hauwezi kuchukua mahali pa greda na lori la manispaa.

Sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012 yataka mpango wa maendeleo wa kaunti ufikishwe katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi washirikishwe. Enyi wakazi wa Kitale na Bungoma, hudhurieni mikutano ya kuwashirikisha wananchi, andikeni ombi kwa jina la mtaa wenu, tajeni mtaro upi na kalavati ipi, na takeni kazi hiyo iandikwe kuwa ya Januari.