Chupa Tupu na Homa ya Dengi

Mgonjwa ana homa kali, macho na viungo vinamuuma, ilhali kipimo cha malaria hakionyeshi vimelea. Dar es Salaam ilikumbwa na milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Hivyo yafaa tuishuku. Kabla ya kupimwa, asimeze aspirini wala ibuprofeni, kwani zaweza kuchochea utokaji damu.

Kisha tutazame uani. Mbu aina ya Aedes, aumaye mchana, hutaga mayai ndani ya chupa na makopo ya vinywaji yaliyoingia maji ya mvua. Mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga maji pekee hakutoshi. Chupa ifungwe kizibo, kopo libonyezwe, vyote vihifadhiwe pasiponyeshewa, kisha wakabidhiwe waokota chupa ili virejelezwe.