Inanga, zeze au gitaa: ipi inafaa fedha yako Kigoma?

Mzazi wa Ujiji au Mwanga anayetaka kumnunulia mwanawe ala ya nyuzi huanza kwa kuulizia gitaa. Si vibaya, lakini kabla hajatoa fedha akumbuke kwamba Buha ina ala zake, na kwamba bei ya dukani ni mwanzo tu wa gharama. Kinachokula fedha baadaye ni nyuzi, matengenezo na mwalimu.

Inanga

Ni kipande kimoja cha mti kilichochongwa mfano wa sinia refu. Uzi mmoja hupitishwa mbele na nyuma kwenye meno ya ncha zake mbili hadi zipatikane nyuzi kama nane. Ni ndugu wa inanga ya Burundi, lulanga ya Wabashi wa Kivu na enanga ya Wahaya, ambayo tendi zake zilichunguzwa na Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpigaji hukwanyua kwa mikono miwili huku akisimulia. Burundi wapo wanaonong'ona, sauti ya mtu isije ikaifunika ile ya nyuzi.

Hapa unalipia mti na siku za fundi. Haina gundi ya kubanduka, na uzi ukikatika, mshipi wa nailoni kutoka duka la zana za uvuvi Kibirizi unafaa. Hatari yake ni mti mbichi, ambao hupasuka ukikauka. Igeuze, pitisha ukucha kwenye ncha zote mbili. Ukikwama kwenye ufa, hata mwembamba, iache.

Zeze

Zeze la huku ni ufito bapa wenye vinundu vya kubonyezea uzi, na kibuyu chini yake. Usilichanganye na la Wagogo, ambalo hupigwa kwa upinde. Mkono wa kushoto hubonyeza, vidole hukwanyua, na uzi wa pembeni hurudia sauti ileile bila kubadilika. Mdomo wa kibuyu huelekezwa kifuani.

Nyuzi ni chache, kwa hiyo mtoto huanza mapema kupiga kitu kinachosikika. Udhaifu wake ni kibuyu: kikianguka, kimekwisha. Hata hivyo kibuyu kingine hakina bei kubwa, na ufito hubaki uleule.

Gitaa

Jipya la bei ya chini ni suala la laki moja na zaidi. Mengi hutoka nje ya nchi, na kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200; msafirishaji naye anataka chake. Nyuzi ni 6, na bora ubadilishe zote pamoja. Magitaa ya bei ya chini ni mbao nyembamba za gundi, na joto na unyevu wa masika havina huruma nayo. Fumba jicho moja, tazama shingo kutoka kichwani hadi tumboni. Ikiwa imepinda, usinunue hata kwa punguzo.

Faida yake ni kubwa kwa anayetaka kuingia kwaya au bendi. Nalo limeshakuwa la kwetu: Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ng'ambo ya ziwa, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, alilicharaza kwa kidole gumba na cha shahada tu. Mtoto aliyezoea kukwanyua zeze hatakuwa mgeni wa mtindo huo.

Uamuzi

Anayeanza, mnunulie zeze. Mwenye kupenda masimulizi, inanga. Gitaa lisubiri mpaka ajulikane kuwa hataacha, kisha nunua zuri, maana baya humvunja moyo mwanafunzi mapema.

Na ukienda kwa fundi Kasulu au Kibondo, patana naye bei iwe pamoja na masomo ya kwanza. Dukani hupati mwalimu kwa fedha hiyo. Fundi asiyepata wateja hapati mwanafunzi pia, na ufundi wake utaondoka naye. Ndugu mzazi, pitia kwake kwanza.